Vijana si wa kumkaribisha mgeni rasmi tu
Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni, elimu na Mji wa Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum.

Rasimu ya ratiba ya tamasha la fasihi na mashairi ya jukwaani imetufikia walimu wa Kiswahili kwa simu, kama zinavyotufikia karatasi nyingi siku hizi, kabla ya barua yenyewe kuja. Nimeisoma yote. Ina waandishi kutoka Bara, kutoka Kenya, kutoka Ulaya. Ina mdahalo wa tafsiri, ina uzinduzi wa vitabu, ina usiku wa taarab ndani ya Ngome Kongwe. Vijana wa hapa wametajwa mahali pamoja: saa tatu na nusu asubuhi ya siku ya kwanza, dakika kumi, "utenzi wa wanafunzi wa kumkaribisha mgeni rasmi".

Naandika kwa ajili ya hizo dakika kumi.

Kwa asiyewahi kuziandaa, hebu nieleze zinavyopikwa. Barua huja skuli zikiwa zimebaki siku nne au tano. Mwalimu wa Kiswahili huitwa ofisini, akaambiwa atunge beti kumi na mbili, mizani nane, yaani silabi nane kila mshororo, zisiwe na maneno magumu. Jina la mgeni na cheo chake viingie mapema, na ubeti wa mwisho uwe dua. Mgeni akiwa na cheo kirefu ndiyo balaa: "Naibu Katibu Mkuu" peke yake ana mizani tisa, keshafurika kwenye mshororo kabla hata hajafanya kitendo chochote. Basi mwalimu hukatakata, akatafuta kina, akamaliza. Huchaguliwa watoto wenye sauti na sare nzuri, wakakaririshwa wakati wa mapumziko. Siku ikifika wanapangwa mstari, ushungi mweupe, kofia nyeupe, wanasubiri juani kwa sababu mgeni kachelewa. Wanaghani. Wanapigiwa makofi, wanapigwa picha, wanapewa juisi ya boksi, wanapandishwa gari kurudishwa skuli. Mdahalo wa kwanza wa tamasha unapoanza wao wapo njiani, hawajasikia hata neno moja la huyo mwandishi aliyetolewa mbali kuja kuzungumzia "mustakabali wa fasihi".

Na katika yote waliyosema pale mbele, hawakuandika wao hata silabi moja. Wakati huo huo kwenye mikoba yao wana madaftari.

Nayajua madaftari hayo kwa sababu Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, kikundi cha vijana hukutana katika chumba kimoja cha skuli huku mitaa ya Ng'ambo, nami hukaa nao. Wapo wa Kidato cha Pili, wapo waliokwishamaliza na sasa wanauza nguo sokoni Darajani, yupo mmoja anaendesha bodaboda na hufika na kofia yake ngumu mkononi. Hawakuja kwa sababu ya mtihani. Wanaandika juu ya dada aliyekwenda Oman kufanya kazi za nyumbani na sasa sauti yake kwenye simu imebadilika. Wanaandika juu ya kaka aliyetoka nyumba ya kuacha madawa na mtaa mzima unamtazama mfukoni. Mmoja, mwenye asili ya Pemba, anaandika juu ya Septemba 2011, ilipozama Spice Islander ikielekea kwao. Alikuwa mdogo sana wakati ule, na shairi lake lote ni maswali anayomuuliza mama yake. Ameshaligeuza mara nyingi na bado anasema halijaisha. Namwachia.

Msichana mmoja aliandika juu ya maji. Kwa ruhusa yake nanukuu ubeti mmoja:

Bomba letu lina kutu, halitoi hata tone,
Ndoo zapanga si watu, foleni tusigombane,
Twangoja siku ya tatu, na gari tusilione,
Maji mbele nyuma maji, na koo zatunyauka.

Hesabuni mizani, mtaikuta sawa. Vina vya kati na vya mwisho vipo, na kituo kina haki ya kuachana na vina vya juu. Huu ni ushairi wa kimapokeo kama tunavyowafundisha, umetungwa na mtoto wa miaka kumi na sita. Mshororo wa mwisho, kusema kweli, mimi ningeutamani uwe wangu. Mtu wa kisiwani anauelewa bila kuelezwa.

Shairi hilo lilipelekwa kwenye hafla moja, sitaitaja wala sitawataja walioiandaa. Likarudi na wino mwekundu. Mshororo wa mwisho ulitakiwa uondolewe na mahali pake uwekwe ubeti wa shukurani kwa juhudi za kusambaza maji. Sababu tuliyopewa kwa mdomo ni kwamba mgeni atakuwepo. Mtoto akauliza: "Sasa kama yupo, si ndiyo vizuri asikie?" Hakujibiwa. Hakwenda kughani, na kwa wiki kadhaa hakuja Jumamosi.

Waheshimiwa, mshororo ule haukumtukana mtu. Haukutaja chama, haukutaja jina. Ulisema kiu. Na kama tunaona kwamba kiu ya mtoto wa Ng'ambo ni siasa, basi tuwe wakweli tuseme kwamba tamasha tunalolitaka si la fasihi, ni la mapambo, na mapambo yapo wa kuyakodi.

Mji huu haukuanza leo kusema mambo mazito kwa kuimba. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba, mfinyanzi wa vyungu, alikuja Mjini akaimba mpaka sahani zake za santuri zikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Katika nyimbo zake umo ule wa Kijiti, juu ya mwanamke aliyeuliwa, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia mashahidi. Hiyo ni hukumu ya mahakama ya Serikali ya wakati ule, inaimbwa barazani, na mwimbaji ni mwanamke wa shamba asiyejua kusoma. Leo tunaweka picha yake kwenye mabango ya kuwavutia wageni. Ingekuwa haki kidogo tukimkumbuka na kwa alichokisema.

Tuna Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021. Alikuwa mvuvi, alikuwa baharia, na diwani yake ya Kimbunga ilichapwa mwaka 1994, yeye akiwa mtu mzima wa miaka sitini hivi. Hakuwa na vyeti vya kumpitisha mlangoni. Najiuliza kama leo Haji Gora mwenye miaka kumi na tisa, na suruali yake ya uvuvi, angejaza ile fomu yenu inayotaka "barua ya utambulisho kutoka taasisi". Hilo limo kwenye rasimu yenyewe, ukurasa wa tano. Kijana wa bodaboda hana taasisi. Ana sheha wa shehia yake, kiongozi wa serikali mtaani, na pengine huyo angetosha.

Hata vitabu tunavyosomesha vinasema hivyo hivyo. Malenga Wapya, diwani ambayo maelfu ya wanafunzi Tanzania nzima wameifanyia mtihani, ilitoka hapa, TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, kwa watunzi wa visiwani. Na Wasakatonge ni ya Mohammed Seif Khatib, mtu wa hapa. Mwanafunzi wa Mwanza au wa Iringa anakesha na mashairi ya Unguja. Mwanafunzi wa Unguja anasimama juani akimsifu mgeni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua baadhi yenu mtanipinga, na wazee wangu wa ushairi watanipinga zaidi. Vijana wengi hawaandiki kwa vina na mizani. Wanasema maneno kwa pumzi, wanavunja mstari wanapotaka, wanachanganya kughani na kurapu, wengine wanamaliza shairi kwa kunyamaza tu na kuteremka. Ugomvi huu si mpya. Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, walimu wa Kiswahili wamekuwa wakigombana kama shairi lisilo na kina ni shairi au ni insha iliyokatwa vibaya. Mimi nimelelewa na vina na nitakufa navyo. Lakini majaji wanaompa mtoto sifuri kwa sababu tu hakuhesabu mizani, bila kusikiliza alichosema, wananifanya niwatetee watu ambao mashairi yao pengine nisingeyachagua.

Na sitaki nionekane napenda kila wanachokifanya. Wapo wanaopiga kelele wakidhani kelele ni hisia. Wapo waliojifunza mikono na mikunjo ya uso kutoka kwenye video za Wamarekani, na ukifumba macho uwasikilize huoni kama wametoka Jang'ombe au wapi. Wapo wanaorudia neno "mapambano" mpaka linachuja. Dawa yake haiko kwenye fomu wala kwenye wino mwekundu. Dawa ni kukaa na watu wanaojua. Ndiyo maana ombi langu kubwa katika barua hii ni malumbano.

Pemba ya karne ya 19 ilikuwa na Kamange na Sarahani. Walijibizana kwa mashairi. Mmoja akisema, mwenzake hulala na jambo mpaka apate la kujibu. Tungo zao zimekusanywa kitabuni mwaka 2011 na zinasomeka mpaka leo kwa sababu zina joto la watu wawili wanaotafutana. Fanyeni hivyo hivyo. Mchukueni mzee mmoja mwenye kazi yake, kijana mmoja mwenye daftari lake, muwape mada moja miezi miwili kabla, waandikiane. Mzee atunge kwa bahari anayoitaka, kijana ajibu kwa namna yake, na mzee asiruhusiwe kumsahihisha isipokuwa kwa shairi. Usiku wa tamasha wasimame pamoja waghani yote, hadhira ione mabishano yalivyokwenda. Mtajaza Ngome Kongwe. Watu wa Mji huu wanapenda mno kusikia mtu akijibiwa. Taarab yetu yote ya mafumbo imesimama juu ya utamu huo, na mkitaka ushahidi nendeni kwenye harusi yoyote mtazame nani anakwenda kumtunza mwimbaji, na kwa wimbo gani.

Na sauti za watu, tafadhali, ziwe za kwao. Mwaka juzi kijana wa Makunduchi aliambiwa na jaji asome "Kiswahili sanifu". Alikuwa akisoma kwa lugha ya nyanya yake. BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, wenyewe wametoa makamusi ya lahaja zetu, Kitumbatu, Kipemba na Kimakunduchi. Haiwezekani lugha iwe na heshima kabatini na iwe kosa jukwaani. Kama jaji hajui neno, aulize. Mimi mwenyewe huuliza, na hufaidika.

Upande wa lugha kuna jingine. Katika rasimu, midahalo mingi imeandikwa kwamba itakuwa kwa Kiingereza, na "tafsiri ya Kiswahili pale itakapowezekana". Geuzeni. Tuko Unguja, mji ambao Kiswahili chake ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki imewekwa hapa. Mgeni apewe tafsiri sikioni, mwenyeji asikie kwa masikio yake. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 tulifurahi sote, wanafunzi wangu wakanijia mbio: "Mwalimu, tumsome." Riwaya yake ya Paradise ilikuwa imetoka mwaka 1994, na Kiswahili chake, Peponi, kilikuja kutoka mwaka 2022. Miaka ishirini na minane watoto wa mji aliozaliwa walikuwa hawawezi kuisoma kwa lugha yao. Ikiwa mna fungu la vitabu katika bajeti, nunueni nakala hizo na za Haji Gora, zipelekeni maktaba ya Maisara na ya Chake Chake na kwenye maskuli, kabla ya tamasha, ili watoto waje wakiwa wameshasoma. Mtoto aliyesoma huuliza swali. Aliyekaririshwa hupiga makofi.

Nije kwenye saa, kwa sababu ratiba nzuri ya Ngome Kongwe ikianza saa mbili usiku ni mlango uliofungwa kwa nusu ya kikundi changu. Wasichana hawatoki usiku. Mnaweza kuulaumu utamaduni, mnaweza kuwalaumu wazazi, lakini mzazi anayemngoja binti yake saa tano usiku wakati daladala za Fuoni na Bububu zimeshapungua ana hoja. Wekeni jukwaa la vijana kati ya alasiri na magharibi. Msimamishe kwa sala, muendelee kidogo, wawe nyumbani kwa isha. Ijumaa mchana msiguse. Asubuhi za siku za kazi wapo skuli, na jioni nyingi wapo madrasa, kwa hiyo siku zenyewe ni Jumamosi na Jumapili. Na tazameni mitihani: ya Kidato cha Nne huwa Novemba, ya Kidato cha Sita huwa Mei. Tamasha likiwekwa Novemba, vijana mtakaowapata ni wale wa kwenye mabango tu. Kama mnauliza mimi ningechagua lini, ningesema likizo ya katikati ya mwaka, tuungane na Siku ya Kiswahili Duniani ya tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO waliitangaza mwaka 2021. Siku hiyo hotuba hazikosi, tuongezeeni mashairi.

Mahali nako. Napenda Ngome Kongwe, nani asiyeipenda. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwa pale tangu mwaka 1998 na Sauti za Busara tangu 2004, na vijana wengi wa hapa wanaofunga taa na kurekebisha sauti walianza kwa kubeba nyaya kwenye kuta zile. Lakini kuna kijana wa Kwahani ambaye hajawahi kuingia Ngome usiku wa tamasha kwa sababu ya tiketi, na yeye anaishi mwendo wa miguu. Shairi halihitaji skrini. Linahitaji kipaza sauti kimoja, spika mbili na watu. Wekeni jukwaa Michenzani, wekeni moja kwenye uwanja wa skuli, wekeni moja Forodhani mapema kabla ya moshi wa mishikaki kukolea. ZIFF waliwahi kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, na mashine zote zile; nyinyi mna kazi nyepesi zaidi. Jaws Corner pana baraza na kahawa na wazee wasiokosa la kusema, ila pale naomba kwanza muwaulize wasichana kama watakuwa na raha kusimama. Nimewauliza wangu. Wawili walisema ndiyo, mmoja akasema "labda nikiwa mzee".

Pemba. Rasimu inasema "washiriki kutoka Pemba wanakaribishwa". Kukaribishwa bila nauli ni maneno. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na 543,441 kati yao wako Pemba. Ni zaidi ya robo yetu. Fanyeni mchujo Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, majaji ndio wapande boti waende, wasiitwe watoto kuja bandarini Malindi kujaribu bahati. Watakaochaguliwa wapewe nauli ya boti ya kwenda na kurudi, pamoja na mwalimu au mzazi mmoja kwa kila watoto kadhaa, na walale dahalia za skuli, ambazo wakati wa likizo zina nafasi. Mwaka mmoja kati ya miwili tamasha lenyewe liende Chake. Najua mtasema ni tamasha la Mji. Sawa. Lakini ushairi wa visiwa hivi ukiitoa Pemba umebakiza nini? Said Ahmed Mohamed, mshairi na mwandishi wa riwaya, ni wa Pemba. Mohammed Khelef Ghassani, aliyechukua tuzo ya ushairi ya Mabati-Cornell mwaka 2015, ni wa Pemba. Sijui maji ya kule yana nini, ila tuyafuate.

Malipo nitayapitia haraka kwa sababu ni jambo rahisi na linaumiza kulisema. Anayepiga spika analipwa. Anayekodisha viti analipwa. Mwandishi mgeni analipwa, na hulipiwa hoteli. Kijana mwenye shairi hupewa cheti. Muwalipe, kidogo au kingi, lakini ijulikane kabla na ilipwe siku ile ile kwa simu, isiwe bahasha ya kufuatiliwa ofisini mwezi mzima. Wakirekodiwa, waambiwe video itakwenda wapi, na wasaini karatasi ya Kiswahili wanayoielewa, na mzazi asaini kwa aliye chini ya miaka kumi na minane.

Kibali. Naelewa kuna sheria na kuna baraza lenye kazi hiyo, sitaki kugombana na sheria katika barua ya ushairi. Naomba mawili tu. Waandaaji wachukue kibali kimoja cha tamasha zima, kijana mmoja mmoja asitumwe kuzungushwa na karatasi. Na kazi ikikataliwa, sababu iandikwe na isainiwe na aliyeikataa. Nina hakika wino mwekundu utapungua sana siku mwenye kalamu atakapotakiwa kuandika jina lake chini.

Mwisho ni kamati. Majina tisa yaliyo kwenye rasimu nawaheshimu wote, wengine walinisomesha. Hakuna hata mmoja aliye chini ya miaka arubaini. Wekeni vijana watatu, wawe na kura, na angalau mmoja awe msichana na mmoja awe wa Pemba. Watatu, kwa sababu mmoja peke yake kwenye meza ya wakubwa huishia kuandika kumbukumbu za kikao na kwenda kuagiza chai. Wachaguliwe na wenzao, kwenye mabaraza ya vijana au kwenye vikundi vyao. Wasiteuliwe na sisi walimu, tutawachagua wale wasiotusumbua.

Yule msichana wa shairi la maji amerudi Jumamosi. Sasa anaandika juu ya jambo jingine kabisa, samaki pweza na bei yake hotelini, na ananikatalia nisilione mpaka liishe. Nimemwambia kuna tamasha linakuja. Ameniuliza kama atasoma lake au la mwalimu. Nimemwambia nimeandika barua, tungoje.

Kwa hiyo nangoja. Rasimu inasema maoni yapokewe hadi mwisho wa mwezi. Haya ndiyo yangu, na nakala nimewapa wazazi wa kikundi na masheha wa shehia tatu wanazotoka vijana hawa. Jibu lolote naomba liwe kwa maandishi, tulibandike mlangoni. Tarehe za mchujo zikipangwa, nijulishwe wiki tatu kabla: nitakusanya majina, ruhusa za wazazi na nauli za daladala mimi mwenyewe. Utenzi wa kumkaribisha mgeni, kama bado unatakiwa, atafutwe mtunzi mwingine.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili, skuli ya sekondari
Ng'ambo, Unguja